Mwanamke Aliyezidi Katika Hesabu

Haya sikuyaota, wala sikusimuliwa na mtu. Yamenipata mimi mwenyewe, hapa hapa Bagamoyo, jua likiwa utosini na macho yangu yakiwa wazi. Wapo wanaosema nilikuwa na homa. Homa nilipata kweli, lakini ilikuja baadaye. Basi nisikilize kwanza, kisha ukitaka kutikisa kichwa, tikisa.

Ulikuwa mwaka ule vita vya pwani vilipotulia, Wadachi wakakaa mjini, na sisi tuliokimbia mizinga tukaanza kurudi. Wengine tulikuwa Kaole, wengine mashambani, wengine bara kwa Wakwere. Tuliporudi tuliukuta mji si ule. Nyumba za makuti zimeungua, na za mawe zimebaki kuta. Unaingia chumba ulichozaliwa unamkuta mbuzi wa watu anatafuna majani yaliyoota sakafuni. Hakuna aliyejua nani amerudi, nani amekufa, nani amelala katika nyumba ya nani. Ndipo wakubwa wakaamua mji uhesabiwe, nyumba zilizosimama na watu waliomo, mtaa kwa mtaa.

Mjomba wangu, Mwinyi Athumani, alikuwa anajua kuandika, akapewa mtaa wetu na upande wa Dunda. Usidhani ilikuwa kazi nyepesi. Walikaa barazani na wazee wakabishana kutwa. Mmoja anasema ukihesabu watu unawaitia mauti. Mwingine anasema hii ni kodi inapiga hodi. Mwishowe wakapatana: nyumba ikishahesabiwa itapakwa chokaa mlangoni, isije ikahesabiwa tena. Wanaume watahesabiwa barazani kwa macho. Lakini wanawake je? Mwanamume wa kuingia ukumbini kwa watu akahesabu wake zao alikuwa hajazaliwa.

Mjomba akaja kwangu. Mimi nilikuwa mjane, na kazi yangu ilikuwa kusuka nywele. Hapakuwa na nyumba ambayo sijakaa uani kwake na kichwa cha mtu mapajani.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe huingia popote na hakuna anayekuuliza. Utanihesabia wa ndani."

"Nitahesabuje, mjomba, nami sijui kuandika?"

Akanipa kikapu na komwe za bao. "Kila mwanamke utakayemwona, tia komwe moja. Mimi nitamwuliza mwenye nyumba nje, na wewe utaniletea kikapu. Tukipatana, naandika."

Tukaanza asubuhi, kaskazi ikivuma taratibu na kuta zilizopakwa chokaa ziking'aa hata zinaumiza macho. Nyumba ya kwanza niliingia nikapokewa vizuri, nikapewa kahawa, nikatia komwe zangu, nikatoka. Mjomba akazimimina kiganjani.

"Bwana amesema watatu. Wewe umeleta nne."

Nikasema labda amemsahau mama mkwe, watu husahau. Bwana akasema mama mkwe wake alikufa zamani. Tukaandika watatu, tukaenda zetu.

Nyumba ya pili ikawa vilevile, moja imezidi. Ya tatu mwenye nyumba akapandisha sauti: "Mwinyi, unaniongezea mke? Hawa nilio nao hawanitoshi kwa makelele?" Watu wakacheka barazani, hata mjomba akacheka. Lakini tulipofika pembeni akaacha kucheka. "Tazama vizuri, mwanangu," akasema. "Usinitie aibu."

Basi nyumba iliyofuata nikatazama vizuri. Walikuwa wanapeta mchele uani, wamekaa duara, wanazungumza. Na pembeni ya duara, karibu kidogo na ukuta, alikaa mwanamke amevaa kaniki, naye anapeta. Ungo anao, lakini mchele sikuuona. Nywele zake upande mmoja zimesukwa vizuri, mistari imelala sawasawa, na upande wa pili zimesimama hivyo hivyo, kama mtu aliyeinuka kabla ya msusi kumaliza. Mimi ni msusi, bwana. Kichwa nikikiona mara moja sikisahau. Kichwa kile nilikuwa nimekiona katika nyumba zote nilizotoka.

Nikamgusa mwenye nyumba, nikamwuliza polepole, "Na yule ni nani?"

"Yupi?"

"Yule wa ukutani."

Akatazama ukutani, akanitazama mimi, akacheka. "Jua limekupiga, shoga. Kunywa maji."

Nikanywa maji. Nilipoinua macho kutoka kwenye kata, ukuta ulikuwa mtupu.

Ungefanya nini wewe? Ungekimbia? Mimi sikukimbia. Mpaka leo sijui kwa nini. Siku ile kila kitu kilikuwa kinakwenda polepole, kama mtu anayetembea ndani ya maji. Nilisikia michi ikitwanga katika nyumba za mbali na sauti inanifikia imechelewa. Nilisikia harufu ya nazi inayochemka, na chini yake harufu ya moshi wa zamani.

Adhuhuri ikaadhiniwa, mjomba akaenda msikitini. Nami nikaingia katika kiwanja cha nyumba iliyoungua, kwenye kivuli cha ukuta, nipumzike. Nikakaa juu ya jiwe na kikapu changu. Mtaa wote ulikuwa kimya. Nikasikia nyuma yangu:

"Shikamoo, bibi."

Nikaitika kabla sijageuka. "Marahaba." Mdomo umezoea, huitika wenyewe.

Akaja akakaa chini mbele yangu, akanipa mgongo, akaegemeza kichwa magotini pangu kama wanavyofanya wote wanaokuja kusukwa. Hakusema nimsuke. Na mimi, wallahi, nikaanza kumsuka. Nywele zake zilikuwa na majivu na mchanga. Kichwa kilikuwa baridi, baridi ya mtungi uliolala nje. Nikachukua fungu la kwanza nikalisuka, nikachukua la pili, na nilipotazama nyuma, lile la kwanza limefumuka. Nikarudia, likafumuka tena.

"Wewe ni wa nyumba gani?" nikamwuliza.

"Ndiyo naitafuta," akasema. "Nimesikia watu wanahesabiwa. Nikasema nami nitakaa nao, labda nitatiwa. Kila nyumba unanitia, kisha nje wananitoa."

Sauti yake haikuwa ya kutisha. Ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Jina lako?"

"Sikudhani."

"Na watu wako wako wapi, Sikudhani?"

Akainuka. Kivuli chake sikukiona, lakini saa ile hata changu kilikuwa kimejikunja chini ya miguu, kwa hiyo siwezi kuapa. Akatoka uchochoroni, nami nikamfuata, tukapita milango iliyopakwa chokaa na ile ambayo bado, mpaka nyumba ya mwisho, nyumba ya mawe ya Bi Zuhura.

Bi Zuhura nilikuwa namfahamu vyema. Mjane kama mimi, mtu mzima, mwenye jina lake, na mabinti zake wawili niliwasuka tangu vichwa vyao vinaingia kiganjani. Walipokimbia vita waliondoka usiku, na walikuwa katika wa kwanza kurudi. Yule mwanamke akasimama nje ya kizingiti.

"Huingii?" nikamwuliza.

"Hapa siingii mpaka niitwe."

Nikapiga hodi, nikakaribishwa. Ukumbini ni baridi, pananukia udi. Bi Zuhura amekaa kitandani, mabinti wako chini wanasuka ukili. "Umekuja kutuhesabu?" akasema kwa furaha. "Haya, tuhesabu, hatuna cha kuficha. Tuko watatu, mimi na wanangu."

Nikatazama pembe zote za ukumbi. Walikuwa watatu. Nikatia komwe tatu. Nyumba ile ndiyo ya kwanza siku ile ambayo hesabu ilikaa sawa, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Na Sikudhani?" nikasema.

Binti mkubwa akainamisha uso. Yule mdogo, Mwanaheri, ukili ukamtoka mkononi. Bi Zuhura hakutikisika, lakini rangi yake ikawa kama ya majivu.

"Nani kakutajia jina hilo?"

"Mwenyewe. Yuko mlangoni, na nywele zake zimesukwa upande mmoja."

Mwanaheri akaangua kilio. "Ni mimi niliyekuwa namsuka! Mama, ni mimi! Mizinga ililia nikiwa nusu." Akanigeukia, maneno yanamtoka na kwikwi. "Alikuwa ameletwa kwetu karibu na vita, wewe hukuwahi kumwona. Alikuwa na homa, hawezi kutembea. Tukamwambia tutarudi kumchukua. Tukamwachia maji. Tukamwambia tutarudi."

"Nyamaza," Bi Zuhura akasema.

"Akafia wapi?" nikauliza.

"Jiko la uani liliungua," akasema binti mkubwa bila kuinua uso. "Tuliporudi tulifukia tu."

Sikiliza, mimi sikwenda pale kuhukumu. Vita ni vita, na watu waliacha hata watoto. Nilichotaka ni neno moja. Nikamwambia, "Bi Zuhura, hataki kitu. Anataka kuitwa ndani. Sema tu kwamba alikuwa mtu wa nyumba hii, nimtie."

Nilidhani atasema. Midomo ilicheza. Kisha akajikaza, akajifunika mtandio wake.

"Alikuwa mjakazi," akasema. "Wajakazi hufa. Katika nyumba hii tuko watatu. Nimekwambia watatu, toka na watatu."

Nikageuka mlangoni. Sikudhani alikuwa bado amesimama pale, na jua jeupe nyuma yake, na uso wake ulikuwa umesikia kila neno. Hakulia wala hakukasirika. Alianza tu kugeuka aende zake, taratibu, kama mtu aliyejua jibu kabla hajauliza. Hasira zilinipanda, akili ikanikimbia saa ile. Nikachukua komwe moja nikaiinua aione.

"Basi ni wangu," nikasema kwa sauti. "Mtu wa kwangu huyu." Nikaitia kikapuni.

Mlango ukafunikwa na giza kidogo, kama wingu linapopita. Kitu cha baridi kikanipita kifuani, nikasikia harufu ya mchanga uliolowa, halafu kizingiti kikawa kitupu na jua limerudi pale pale. Nyuma yangu Bi Zuhura alikuwa anasoma Ayatul Kursiyu na meno yanagongana.

Mjomba aliporudi kutoka msikitini akamwuliza Bi Zuhura mlangoni, kisha akahesabu komwe. "Bi Zuhura amesema watatu. Umeleta nne. Tena?"

"Moja ni ya nyumbani kwangu."

"Kwako unakaa peke yako."

"Iandike, mjomba."

Akanitazama usoni. Sijui aliona nini, lakini hakuuliza tena. Akaandika.

Jioni ile ndipo homa ikanishika. Nililala siku nyingi sijitambui. Nilipopata fahamu, nilikuta uani pamefagiwa, mtungi umejaa, na kitambaa kibichi kwenye paji la uso wangu. Nikamshukuru mke wa mjomba. Akasema hajafika kwangu tangu juzi, kwa sababu kila alipokuja alikuta kazi zote zimekwisha, akadhani kuna jirani anayeniuguza.

Mjomba akamleta mwalimu wa Kurani anisomee. Mwalimu akasoma, akazunguka nyumba, akakaa kitako akanywa maji. "Ningemtoa kama angekuwa ameingia kwa nguvu," akasema. "Huyu amekaribishwa. Mgeni aliyekaribishwa mimi simfukuzi."

Tumekaa naye hivyo mpaka leo. Usiku simsikii. Ni adhuhuri tu, mji unaponyamaza, nasikia ungo unapetwa uani. Hana ubaya. Lakini usidhani sikulipa. Alikuja mtu wa Kaole kunichumbia, mtu mzuri, mpole, nami nilimpenda. Akakaa barazani na mjomba, wakapatana, nikamtolea kahawa. Alipokuwa anaaga akaniuliza, "Na yule mwenzio aliyesimama nyuma yako ni nani, mbona hasalimii?" Mjomba akatazama chini. Nami nikamwambia kweli. Akaenda Kaole, na hakurudi. Baada yake hakuna aliyekuja.

Bi Zuhura alinifungia mlango wake, na tukikutana njiani aligeuza uso hadi alipokufa. Mwanaheri yeye huja, kila Ijumaa. Huketi uani adhuhuri, anaongea peke yake kwa sauti ya chini, analia kidogo, kisha ananiaga. Sijapata kumwuliza anasema nini, maana hasemi na mimi.

Nimekueleza kama yalivyonipata. Nawe, siku wakija kwako kuhesabu, usiharakishe kusema fulani si mtu wa hapa. Aliyekutekea maji ni wa nyumbani kwako, hata kama humtaki katika hesabu. Na ukimhurumia usiyemjua, hasa jua likiwa utosini, fikiri kwanza kabla hujasema "ni wangu." Mimi nilisema mara moja tu, kwa hasira ya kitambo kidogo, na sijawahi kuwa peke yangu tena.