Jani Lililosingiziwa

Kinyozi wa mtaa ule aliitwa Moto, ingawa hasira zake hakuna aliyewahi kuziona. Kila alipomaliza kichwa kimoja, kabla ya kugusa kingine, aliumwagia mdomo wa mashine spiriti kidogo, akawasha kiberiti. Mwali wa buluu ulicheza juu ya meno ya chuma, ukafa, ndipo akamwita anayefuata. Watoto waliokuja wakilia walinyamaza ili wauone mwali huo. Wao ndio waliompa jina, wakubwa wakalifuata, hata marehemu mkewe alikuwa akimwita hivyo mbele za watu.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja: kioo kirefu chenye ufa pembeni, kiti cha kuzunguka kisichozunguka tena, benchi la wanaosubiri, kamba ya taulo nyuma ya mlango. Taulo moja lilikuwa la mtu mmoja. Likishamgusa, linaingia kwenye ndoo ya maji ya moto. Vinyozi wenzake wa barabara ile walimcheka kwamba anafua kuliko anavyonyoa. Alikuwa akiwajibu kwamba kichwa cha mtu si kiazi. Hakuwa na jambo jingine la kujivunia. Hakusoma sana, hakujenga, na nywele zake mwenyewe zilimtoka mapema, utani ambao wateja hawakuchoka kuurudia. Alikuwa na jina la usafi, na jina hilo ndilo lililowalisha yeye na mama yake, walioishi pamoja kwenye vyumba viwili nyuma ya duka.

Mama huyo mtaa mzima ulimwita Bibi. Kando ya bafu lao alikuwa na kichaka alichokipanda zamani, chenye majani mapana yaliyopangana mawili mawili, ambayo jioni yalijikunja, na maua ya manjano yaliyosimama wima. Wanawe walipopata mapunye utotoni, aliyatwanga majani yale akawapaka. Walipona. Huenda jani liliwaponya, huenda mapunye yalijiondokea kwa wakati wake. Mambo ya utotoni ni vigumu kuyatenganisha. Bibi hakuwa na shaka hata kidogo.

Shule zilipofunguliwa, mmoja wa wana wa Mama Pacha, fundi cherehani wa mlango wa pili, alitokwa na duara jeupe kisogoni, lenye magamba, nywele zake zimekatika kama zilizonyonyolewa. Mama yake alimleta kwa Moto. Hakumlaumu, ila alimleta saa ambayo benchi limejaa. Moto alieleza kwamba mashine zake zote hupita motoni. Mama Pacha akakubali kwamba hilo analijua, kisha akaongeza kwa upole kwamba pacha wake hawanyolewi kwingine.

Usiku wake Moto hakula vizuri. Alfajiri alimwomba mama yake amtwangie majani. Aliyachanganya na mafuta ndani ya kopo, akatafuta brashi ya zamani ya kunyolea ndevu iliyokuwa ya baba yake, akampaka yule mtoto. Halafu, ili mtu asije akasema duka lake linagawa ugonjwa, akaanza kumpaka kila anayenyolewa, mzima na mgonjwa, bure. Duka likawa linanuka majani mabichi, na watu wakaipenda harufu ile. Bibi alipata kazi uzeeni: asubuhi alichuma, akachambua, akatwanga. Wanawake waliopita walimwamkia wakimwita daktari. Yeye akajibu kwamba hatozi kitu kwa sababu hana cheti.

Mapunye yaliongezeka. Watu walisema ni vumbi la darasani, ni kofia za kuazimana, ni joto la mwaka huu. Kadiri yalivyoongezeka ndivyo walivyoshukuru kwamba dawa iko karibu. Asiyekuwa na mapunye alipakwa ili asiyapate, aliyeyapata alipakwa zaidi, na kopo halikukauka.

Aliyeanza kushuku ni nesi wa zahanati, binti aliyekuwa akienda shuleni kukagua watoto. Alipokuwa akiinamia vichwa vyenye madoa, vingi vilimpa harufu ileile. Mchana mmoja aliingia dukani, akaketi kwenye benchi kama anayesubiri zamu, akatazama. Aliona mashine ikipita motoni. Aliona taulo likiingia ndooni. Aliona brashi ikichovywa kwenye kopo, ikapita juu ya kichwa cha mtoto mwenye maduara matatu, ikarudi kwenye kopo, ikapita juu ya kichwa cha mtoto asiye na kitu.

Duka lilipobaki tupu alianza kwa kuuliza habari za jani, kwa heshima. Hakulidharau. Alisema mimea ya namna hiyo inajaribiwa vyuoni: fangasi huoteshwa kwenye visahani, maji ya majani yakatiwa, na kwa baadhi ya mimea fangasi hukoma kuenea. Kuwa dawa kamili bado ni safari ndefu, lakini si upuuzi. Moto alifurahi kama aliyesifiwa mwanawe. Ndipo nesi akaishika brashi.

"Na hii, baba, unaichoma?"

"Itaungua. Si manyoya hayo?"

"Unaiosha na nini?"

"Brashi ya dawa?" Moto alicheka. "Mwanangu, nani anaosha dawa?"

Nesi hakucheka. Moto aliitazama brashi mkononi mwake, na kabla hajaelezwa akawa ameshaelewa, akakaa kwenye kiti cha wateja. Alielezwa hata hivyo: vipande vya nywele zenye ugonjwa vilikuwa vikibaki kwenye manyoya na ndani ya kopo, na dawa ile haikuwa kali kiasi cha kuviua papo hapo. Tena mapunye ya kichwani hukaa kwenye mzizi wa unywele, ambako cha kupaka hakifiki, hata kiwe kizuri vipi. Watoto walihitaji vidonge, kwa wiki kadhaa, na zahanati ilikuwa navyo. Nesi alimaliza kwa kusema kwamba yeye hatamtangaza, kwa kuwa anajua ni mtu msafi. Maneno hayo ndiyo yaliyomuuma kuliko yote.

Moto aliichoma brashi ya baba yake, akamwaga kopo shimoni. Angeweza kuishia hapo. Hakuna ambaye angejua, na jina lake lingebaki lilipo. Lakini watoto wangebaki na madoa yao, wakiambukizana vitandani. Kwa hiyo alilivua koti lake jeupe, akaenda mlango kwa mlango, akasema kweli kama ilivyokuwa: jani halina kosa, brashi ndiyo iliyokuwa chafu, wapelekeni watoto wakapewe vidonge.

Walimsamehe upesi mno. Mama Pacha alishusha pumzi, akasema kumbe ni brashi tu, basi ampe majani atampaka mwanawe kwa mkono wake mwenyewe, ameshanawa. Wengine walisema hivyohivyo. Katika yote aliyowaambia walilisikia moja tu, kwamba jani halina kosa. Zahanati ilikuwa na foleni, na vidonge vya wiki nyingi ni kero kwa mtoto na mzazi. Kichaka cha Bibi kilikuwa hatua chache na hakina foleni. Jioni ile wanawake walikuja na mifuko, Bibi akawachumia akiwaelekeza namna ya kutwanga. Wiki ilipokwisha, Moto alipita zahanati kuuliza. Nesi alikuwa amempokea mtoto mmoja.

Basi Moto akarudi kwenye milango ileile. Safari hii alisema jani lenyewe ndilo bovu. Alisema haliponyi, linaulisha ugonjwa, na kwamba zahanati ndiyo iliyogundua. Aliyasema hayo barabarani na kwa sauti, na dukani akayarudia kwa kila aliyeingia. Jambo lenye maelezo watu walilisikia nusu; jambo baya walilisikia lote. Mama Pacha alisimama mlangoni mwake na futi yake ya kitambaa shingoni.

"Kwa hiyo umetupakia watoto uchafu wa mama yako," alisema.

Moto aliinamisha kichwa. Jibu lolote la kweli lingemrudisha Mama Pacha kichakani.

Siku chache baadaye benchi la zahanati lilijaa. La Moto lilibaki na wazee wawili ambao nywele zao zote hazikutosha kichwa kimoja, nao walikuja kwa ajili ya mazungumzo.

Habari zilimfikia Bibi kupitia ukuta wa jirani, kama zinavyofika siku zote. Moto alipoingia ndani alimkuta kaketi mkekani na ungo wa mchele.

"Umesema jani langu linaleta ugonjwa?"

"Nimesema."

"Na linaleta?"

"Hapana, mama. Brashi yangu ndiyo iliyoleta."

Bibi aliokota jiwe, akalitupa. "Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu."

"Ni fupi, mama. Lakini imefika zahanati."

Bibi aliendelea kuchambua mpaka ungo ukabaki safi. Kisha akamwambia kwamba angemshirikisha mapema, wangedanganya kwa mdomo mmoja. Kesho yake bombani, akiwa na ndoo yake kwenye zamu, aliwatangazia wanawake kwamba jani lile yeye alikuwa akiwapaka mbuzi tu, ni huyu mwanawe na kiherehere chake aliyelipeleka vichwani mwa watu. Walimcheka sana. Hakuna aliyemwita daktari tena. Watoto walimbandika jina la Bibi Mapunye, naye alikuwa akiwaitikia. Majani hakuyachuma tena, na kichaka kikanenepa mpaka anayekwenda kuoga ikambidi apite ubavu.

Vichwa vilipona. Nywele ziliota kwanza kama vumbi, kisha kama nywele. Wateja walirudi mmoja mmoja, bila kusema wamerudi, na Mama Pacha akarudi na wanawe wote wawili. Moto hakumpaka mtu kitu tena. Kwa muda mrefu, kila alipomaliza kunyoa, mkono wake ulisogea wenyewe kwenye rafu lilipokuwa kopo, ukakuta mbao, ukarudi.

Siku moja, duka likiwa limejaa, aliingia mwalimu wa chuo, mwanamke, pamoja na wanafunzi wawili waliobeba mifuko ya karatasi na magazeti ya kukaushia majani. Walikuwa wakikusanya mimea ambayo watu hutumia kwa magonjwa ya fangasi. Huko walikotoka mtu mmoja aliwaelekeza kwa kinyozi huku akicheka, nao hawakujua kwa nini. Mwalimu alisema amesikia zamani palikuwa na jani hapa.

Mmoja wa pacha alikuwa kwenye kiti. Moto aliinua macho, akaliona benchi lote ndani ya kioo likimtazama yeye: Mama Pacha, na wazazi wengine ambao watoto wao wadogo, walioambukizwa mwisho, walikuwa bado hawajamaliza vidonge.

"Lile halitibu kitu, mwalimu," alisema. "Tulilijaribu, likatuharibia watoto."

Mwalimu aliuliza kama angeweza kuchukua tawi hata hivyo. Mama Pacha alijibu kabla ya Moto: asibebe takataka mpaka chuoni, mimea ya maana imejaa kote. Wanafunzi walicheka. Mwalimu aliandika kitu, akashukuru, wakatoka wakishika njia ya sokoni. Wangegeuka wangeyaona maua ya manjano juu ya bati.

Moto alimaliza kunyoa. Mama Pacha alimgeuza mwanawe kwenye mwanga, akasema upande wa kulia umebaki mrefu. Ulikuwa umebaki kweli. Moto akamrudisha mtoto kitini, akaurekebisha.

Jioni Bibi aliuliza ni akina nani wale wenye mifuko ya karatasi. Moto alimweleza yote, pamoja na alichowajibu.

"Wangelipeleka wapi?"

"Chuoni. Wanaotesha fangasi kwenye visahani, wanatia maji ya jani, wanaangalia kama litaizuia."

Bibi alikuwa akikunja taulo za dukani. Alikunja moja, akalaza nyingine juu yake, akazisawazisha kingo.

"Lingefaulu," alisema.