Chumba Namba Nne

Nina hasira, na nitaandika nikiwa nazo, maana zikipoa nitaanza kujilaumu mwenyewe.

Mwaka juzi nilinunua chumba katika gesti moja ya Nyakanazi. Chumba kimoja, si gesti nzima. Mzee mwenye gesti aliishiwa kabla ya kumaliza ujenzi, akawa anauza vyumba. Tuliandikiana: siku kumi za kila mwezi nilale mimi, zinazobaki kipangishwe kwa madereva wa malori, tugawane pesa. Mimi nimepanga Ngara mjini, nachapa barua za watu. Sijawahi kuwa na mlango wangu.

Kuweka vigae nilijifunza kwenye simu. Nilivibandua mara tatu kwa sababu mstari mmoja ulipinda pungufu ya unene wa ukucha. Mapazia nilishona mwenyewe. Nakiri, nilikuwa nakiota chumba kile.

Mwezi uliopita mama alitoka shambani Kanazi kwenda Mwanza kutibiwa macho. Basi la Mwanza hupita Nyakanazi asubuhi, nikamwambia tutalala kwangu usiku wa kuamkia safari. Mzee nilimtaarifu wiki nzima kabla. Tulipofika saa kumi jioni, mlangoni pangu palikuwa na viatu vya mtu.

Nilianza na shikamoo. Inaniuma mpaka leo kwamba nilianza na shikamoo.

“Marahaba. Madereva wanagombea hicho chako,” mzee alisema bila kuinuka kitini. “Ungekiacha kama vingine, ungekikuta wazi.”

Nikatoa makubaliano yetu. Akasema karatasi hailali kitandani, anayelala ni mteja. Kila mwezi alikuwa akinifanyia hivyo, na kila mwezi nilirudi Ngara nikijiambia labda sikutoa taarifa vizuri. Miaka miwili. Sijalala mle hata siku moja, lakini kila ufa wa ukuta wake naujua kwa sababu niliuziba mimi.

Akatupatia chumba namba sita, kwa sauti ya mtu anayetoa sadaka. Kitanda kilikuwa kinayumba. Mama alikaa ukingoni akangoja nimalize kufoka. Nilipomaliza nilipiga magoti, nikakunja kipande cha boksi, nikakisokomeza chini ya mguu wa kitanda mpaka kikatulia.

“Mwanangu,” mama akauliza, “na hiki nacho unamtengenezea?”

Nikakichomoa. Tulilala tukiyumba.