Maji Yaliyotuama

Wenzangu hapa Korogwe hufurahi mvua ya kwanza inapogonga vumbi. Husimama barazani wakaivuta ile harufu ya udongo uliolowa mpaka ndani kabisa ya kifua. Mimi hufunga dirisha. Harufu ile naijua tangu uani kwa shangazi yangu, Sindeni, na siku niliyoinusa huko mvua haikuwa imenyesha.

Nilizaliwa Bungu, milimani, ambako maji hatukuyapa heshima yoyote. Kijito kilipita nyuma ya jiko letu kikipiga kelele usiku kucha, na mtoto aliyetumwa maji alirudi kabla chungu hakijapata moto. Shangazi alikuwa ameolewa na Mzigua wa Sindeni, huko chini kwenye joto. Nilipokuwa darasa la tatu nikapelekwa kwake likizo. Alinipokea kwa vigelegele, akasema mgeni njoo mwenyeji apone, nami kwa akili yangu ya kitoto nikaamua kumponya kweli.

Nafasi niliipata kesho yake. Nilipoamka, shangazi na binti yake Zaina walikuwa wamesharudi lamboni, wanatua ndoo mbili za maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Kabla hawajaenda shamba nikamsikia shangazi akimwambia Zaina ayaache hapo yatuame. Neno hilo nililijua vizuri mno. Mwalimu wetu alikuwa ametukaririsha kwamba maji yaliyotuama ni nyumba ya mbu, na mtoto mwema akiyaona huyamwaga. Nikamhurumia shangazi. Nikajua huku hawajafundishwa.

Basi nikayamwaga yote. Kuku wakaja mbio kutoka kila upande wakagombania matope, na hata hilo halikunishtua. Nilidhani kuku wa Sindeni ni walafi tu. Nikasugua ndoo kwa mchanga, nikazifudikiza juani, nikaketi kusubiri sifa. Ua mzima ulinukia vizuri.

Walirudi jua likiwa la utosi. Shangazi alitazama ndoo, akatazama ardhi iliyokwisha kukauka, akaweka jembe chini taratibu. Nikamwamkia, nikamweleza habari yote ya mbu kama nilivyofundishwa. Zaina alifungua kinywa, mama yake akamkata jicho.

"Ahsante, mwanangu," shangazi akasema. "Leo mbu watatukoma."

Akanimiminia kikombe kimoja cha maji yaliyobaki kwenye dumu, nikanywa nikamaliza. Yeye hakunywa. Wakabeba ndoo wakaondoka tena. Nilishangaa wanavyochelewa, maana kwetu kuteka maji ilikuwa kufumba na kufumbua. Walirejea giza linaingia, shangazi ameshika kiuno, tumbo lake kubwa limemtangulia, nami nikidhani ni unene wa kula vizuri. Maji waliyoyapata yalikuwa tope tupu, kwa hiyo hapakuwa na ugali. Tulikula mahindi ya kuchoma. Nikaona ni karamu, nikaomba la pili, nikapewa.

Utu uzima ulinileta Korogwe. Wiki moja bomba lilikauka, nikanunua maji ya mto kwa mwenye mkokoteni. Mwanangu akataka kuchota, nikamwambia, "Yaache kwanza yatuame." Nikabaki nimesimama pale na kata mkononi. Nikajiapiza kwenda Sindeni kumwomba radhi shangazi, nikaahirisha, nikaahirisha tena, mpaka mwaka huu nilipopigiwa simu kwamba ametutoka.

Matangani nilikaa na Zaina tukiosha sufuria. Nikamuuliza kama anaikumbuka siku ile. Alicheka kidogo, akasema ataisahau vipi, na mama yake alikuwa na mimba ya mdogo wake ya miezi minane. Nikamuuliza kwa nini hawakuniambia, hata nilipokua.

"Mama alitukataza," akasema. "Alisema ukijua utaona haya, hutakuja tena. Kila likizo ikifika alikuwa akiniuliza kama umetuma salamu."

Nilikwenda Sindeni ile mara moja tu. Kila likizo mama yangu alipotaka kunirudisha nililia nikikataa, kwa kuwa nilikuwa nimeshawatangazia watoto wote wa Bungu kwamba kwa shangazi yangu watu wanakunywa maji machafu.