Shangazi Anatafuta Shamba

Shangazi yangu ameshona nguo za nusu ya mji huu, na ile nusu nyingine ameipunguzia viuno. Kwa miaka thelathini na moja aliishi chumba kimoja ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi: kitanda upande huu, cherehani upande ule, katikati njia ya kupita mtu mmoja, tena awe mwembamba. Mimi nikienda kumtembelea nilikuwa naingia kwa ubavu. Yeye akicheka sana, kiwiko kinagonga kabati.

Mwaka jana mwenye jengo akatangaza kwamba linabomolewa, wapangaji wote tukapewa miezi mitatu. Nasema tukapewa, kwa sababu shangazi yangu akihama ni kama nimehama mimi. Baba yangu, ambaye ni kaka yake, alimpigia simu siku hiyohiyo: "Njoo kwetu, dada. Chumba cha nyuma kipo." Nikakipaka rangi mwenyewe kile chumba, nikatundika mapazia mapya. Shangazi akaja, akakitazama, akayasifu mapazia, akanywa chai. Alipofika mlangoni akanishika mkono.

"Mwanangu, nawapenda sana," akasema. "Lakini nikihamia hapa nitazeeka nikiomba ruhusa ya kufungua dirisha. Nataka ardhi. Huko shamba, kidogo tu, lakini ya kwangu. Nisipoipata kabla jengo halijabomolewa, basi, nitakuja nikae humu na sitalalamika."

Hatalalamika! Huyo mtu hajawahi kumaliza saa nzima bila kulalamika tangu nimjue. Niliumia, nisiseme uongo. Ila nilimwelewa, na nikaapa kwamba hiyo ardhi itapatikana hata kama nitaichimbua mahali.

Hapo ndipo alipoingia dalali. Shangazi aliwahi kumshonea suruali ya harusi, kwa hiyo alikuwa anamjua kiuno, tabia alikuwa hamjui. Watu wanamwita Dakika Tano, kwa sababu kila shamba analouza liko dakika tano kutoka barabara kuu. Kiatu kimechongoka, shati jeupe, simu mbili, mdomo haujui likizo. Mimi mtu mwenye simu mbili simwamini, na nililisema hilo mbele yake. Akacheka, akasema hata mama yake mzazi hamwamini.

Kazi yangu ni kuendesha gari la wanafunzi. Jumamosi gari halina watoto, basi tukawa tunatoka nalo watatu. Viti vyenyewe ni vya darasa la kwanza. Dakika Tano alikaa magoti yakigusa kidevu, pembeni yake maandishi makubwa ya USITOE KICHWA NJE, na kichwa chake kiko nje njia nzima akituonyesha mashamba ambayo "jana tu" yalikuwa yanauzwa kwa bei ya bure.

Jumamosi ya kwanza tulienda saa moja na nusu kwenye vumbi.

"Hizi dakika tano zako ni za nani?" nikamuuliza.

"Za ndege," Shangazi akajibu kwa niaba yake.

Lile shamba alilolisifu kwamba lina maji karibu, maji yalikuwa ndani. Tulisimama kwenye tope hadi vifundoni, vyura wakitutazama kama wenye nyumba wanavyomtazama mwizi. Dakika Tano akasema hiyo ni faida, hatutahitaji bomba. Jumamosi iliyofuata akatupeleka kwenye kiwanja kizuri mno, tatizo lake dogo tu kilikuwa na nyumba ya watu, na nguo zimeanikwa. "Hao wataondoka," akanong'ona. Mama wa nyumba akatoka na mwiko mkononi. Tulioondoka ni sisi, tena mbio, na kiatu kimoja kilichochongoka kikabaki.

Kila tulipokwenda Shangazi alipima. Futi yake ya kushonea haitoki shingoni, hata kanisani anaivaa, na lile daftari la vipimo vya wateja alikuwa nalo kwenye mkoba. Aliyaandika mashamba vilevile anavyoandika watu. Nimelisoma mwenyewe. *Mbele mpana, kiuno hana.* *Huyu mabega yamepinda, atasumbua.* La yule mama wa mwiko ameandika: *Mzuri sana, ameshaolewa.*

Tulicheka, jamani. Nilirudi nyumbani kila Jumamosi mbavu zinaniuma. Lakini wiki zikayeyuka, na mashamba yakaisha kwenye orodha ya Dakika Tano. Zikabaki wiki mbili. Duka la rangi likahama, taa za ngazi zikang'olewa. Nikamkuta Shangazi anapakia vifungo vya nguo kwenye makopo, kopo moja moja. Hakulalamika hata kidogo. Nilipoona hivyo nikajua amekata tamaa.

Alhamisi hiyo Dakika Tano alikuja bila kutabasamu.

"Mama, kuna mahali," akamwambia Shangazi. "Mwaka mzima sijampeleka mtu, maana mwenyewe ananiaibisha. Ni bibi mmoja mjane. Anauza kipande chini ya nyumba yake. Wanunuzi sita nimempelekea, wote kawatimua. Nikiuliza kwa nini, ananiambia sio hawa."

Safari hii sikungoja hadithi. Nilichukua nakala ya hati, nikaipeleka ofisi ya ardhi, nikakaa kwenye benchi mpaka wakalifungua daftari lao kubwa. Hati safi, bibi ndiye mwenyewe, hakuna kesi. Sasa kilichobaki ni huyo bibi akubali.

Jumamosi, njiani, Dakika Tano akageuka kwenye kiti chake cha darasa la kwanza. "Sikilizeni. Yule bibi anataka mkulima. Kwa hiyo leo mama ni mkulima, amelima miaka ishirini."

"Hata jembe halijui!" nikasema.

"Wewe endesha," Shangazi akanikata. Ndugu zangu, huyo aliyekuwa akirudisha hata pini ya mteja! Wiki mbili zilikuwa zimemfikisha huko.

Tukafika. Nyumba ndogo ya matofali juu ya mteremko, kisima uani, na chini yake kile kipande: udongo mwekundu, upepo unapita, na bonde lote liko wazi mbele yako. Shangazi alishuka garini. Akainama, akachukua udongo, akausugua kati ya dole gumba na kidole, kama anavyofanya dukani akichagua kitambaa. Basi, nikajua moyo umeshakwenda. Nami nikaanza kuogopa, maana sasa kulikuwa na kitu cha kukosa.

Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi la mlangoni. Tukaamkiana vizuri. Kisha, bila hata kuuliza habari za safari, akamkazia macho Shangazi.

"Nimeambiwa wewe mkulima."

"Ndiyo, dada. Miaka ishirini."

"Maharage unayapanda kina gani?"

Shangazi akatoa futi shingoni, akaifungua, akaweka kucha. "Inchi mbili na robo," akasema.

Dakika Tano akafumba macho. Bibi akamtazama, akaitazama futi, akamtazama tena.

"Na mahindi?"

Shangazi akairudisha futi shingoni. "Dada, nisamehe," akasema mwisho. "Mimi ni fundi cherehani. Sijawahi kupanda hata kitunguu. Kinachonileta ni kwamba chumba changu kinabomolewa, na sitaki kumalizia maisha yangu kwenye nyumba ya mtu, hata kama mtu mwenyewe ananipenda. Nimekudanganya kwa sababu ya tamaa. Tunaondoka."

Akaanza kurudi garini kweli! Nilitaka kumkaba Dakika Tano hapohapo.

"Nani kasema muondoke?" Bibi akauliza. Akaingia ndani, akatoka na mzingo wa kamba na vigingi vinne na nyundo. Akamtupia Shangazi miguuni. "Mawe ya mpaka yale, manne, unayaona. Piga vigingi, funga kamba, nione kiwanja unachokitaka." Kisha akarudi kwenye benchi lake, akakunja mikono.

Dakika Tano akanivuta pembeni. "Hapa ndipo wote sita walipoangukia," akaninong'oneza, "na sijui kwa nini."

Shangazi akavua viatu, akafunga khanga kiunoni, akaanza. Akafika kwenye jiwe la kwanza, akapima, akapiga kigingi. Jiwe la pili, akapima, akapiga. Mimi nashika kamba, sioni chochote. Dakika Tano ndiye aliyeona. Alitoka mbio, mikono juu.

"Mama! Mama, unajipunja! Kigingi umekipiga upande wa ndani wa jiwe! Hatua nzima! Na kile kingine pia! Unamwachia bibi ardhi yako bure, sogeza, sogeza!"

"Mwache!" Bibi akapiga kelele toka kwenye benchi, sauti ambayo sikuidhania kwa mwili ule. Dakika Tano akaganda, mguu mmoja hewani.

Bibi akateremka mpaka tulipo. Akakitazama kigingi, akalitazama jiwe. "Kwa nini umeweka huku ndani?"

Shangazi akatazama chini, na yeye mwenyewe akashtuka. Nakuapia, hakuwa amejua. Akashika mdomo. "Aibu yangu, dada! Ni mkono tu, umeshazoea. Nimeacha nafasi ya mshono. Nikishona mpaka kwenye ukingo wa kitambaa, nguo inafumuka. Ngoja nirekebishe."

Bibi akaanza kucheka. Alianza taratibu, mabega tu, kisha akashika magoti, kisha akakaa chini kwenye udongo, machozi yanamtoka. Tukasimama kama vigingi vyenyewe.

"Wale sita," akasema alipopata pumzi, "kila mmoja alipiga kigingi nje ya jiwe. Kidole hiki, kiganja hiki, wanadhani bibi haoni. Na yule niliyemuuzia kule juu zamani, hajawahi kulala huko hata siku moja, lakini kigingi chake kinatembea, kila mwaka kinashuka kuja kwangu. Nilisema sitauza tena mpaka nipate mtu wa kukaa naye. Acha hivyohivyo. Hapo katikati itakuwa njia yetu, wewe upite kuja kwangu, mimi nipite kuja kwako." Akamnyooshea mkono ili amwinue. "Maharage nitakufundisha. Jumatatu tunakwenda wote ofisi ya ardhi."

Dakika Tano alirusha simu moja juu, akaidaka, akarusha ya pili, hakuidaka. Mimi nilipiga kigelegele mpaka ng'ombe wa bondeni wakageuka. Tukala maembe ya bibi, tukanywa maji ya kisima, jua likaanza kuinama, nikawasha gari.

"Shangazi, twende."

"Nendeni salama," akasema. Alikuwa amekaa kwenye benchi kando ya bibi, bado hana viatu.

"Unamaanisha nini, nendeni?"

"Sitoki hapa. Dada amesema kitanda anacho, nitalala kwake mpaka nijenge. Kesho niletee cherehani na mto wangu. Vitu vingine gawaneni."

"Shangazi, hata karatasi bado!"

"Karatasi ni Jumatatu. Leo ni leo." Akanifuata mpaka kwenye dirisha la gari, akanishika shavu kwa mkono wenye udongo. "Na kesho ukija, usiingie tu kama ulivyozoea. Piga hodi."

"Hodi nipige wapi? Hata mlango huna!"

"Pale kwenye kigingi cha kwanza. Simama upige."

Nililia njia nzima, kwa furaha na kwa kile chumba nilichokipaka rangi. Dakika Tano akanipa leso, simu zake zikalia asipokee. Kesho yake nikafika na cherehani yake nikiwa nimeibeba kifuani, inanivunja mgongo. Nikasimama kwenye kigingi. Shangazi yupo palepale, hatua kumi, ananiona vizuri kabisa.

"Hodi!" nikasema. Akanitazama, kimya. "Hodi, Shangazi, mikono inakatika!" Kimya, anatabasamu tu. Nikavuta pumzi, nikapiga ya tatu mpaka bonde likaitika.

"Karibu!" akasema. "Karibu kwangu."