Fundi wa Cherehani Aliyetakiwa Kuweka Mikono Mezani

Saa mbili asubuhi, na mshono umeanza kuruka.

Cherehani ya tatu kutoka dirishani inashona kipande kizuri, inaacha pengo, kisha inaendelea kana kwamba haikufanya kosa lolote. Mshonaji wake, mama mnene mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara, anaondoa mguu kwenye kanyagio.

"Bisibisi! Njoo umwone mgonjwa wako, leo kaamka vibaya!"

Anayeitwa anakuja bila haraka. Ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mwembamba, mikono ya ovaroli imekunjwa hadi kwenye viwiko, na bisibisi ndogo imechomekwa kwenye nywele pale ambapo wenzake huchomeka kibanio. Jina alilopewa na wazazi wake lipo kwenye kitambulisho. Hapa kiwandani hakuna anayelitumia, na wapo wanaoapa hawajawahi kulisikia.

Anapiga goti. Mkono wa kulia unashika gurudumu la cherehani, wa kushoto unapenya chini ya meza, mahali ambapo jicho halifiki, na uso anaugeuzia darini. Usipomjua utadhani anahesabu feni. Kumbe vidole ndivyo vinavyotazama. Vinaifuata ndoano iliyo chini hatua kwa hatua mpaka inapokutana na uzi wa sindano.

"Imechelewa," anasema, kama anayejisemea. Analegeza skrubu, anasogeza kitu kidogo mno, anakaza. Mama mnene anakanyaga, na mshono unatoka umenyooka.

Mkao huo, mkono chini na macho juu, ndio uliokaribia kumtoa chuoni.

Ndiyo, chuoni. Bisibisi ni mwanafunzi wa uhandisi wa mitambo, na likizo ndefu iliyopita, wenzake wengi walipokwenda kupumzika, yeye alijifunga kibwebwe na somo la Mekanika kwa njia ya mtandao. Ni somo linalohesabu nguvu zinazovisukuma na kuvivuta vitu, na jinsi vitu hivyo vinavyokwenda vikisukumwa. Chuoni wanafunzi wanaliita Chujio, kwa sababu wanaingia wengi na wanaotoka upande wa pili ni wachache. Kwa kawaida husomwa kwa wiki kumi na tano. Wakati wa likizo lote hubanwa ndani ya wiki saba.

Ufundi wenyewe aliuanza kwa hasira. Aliingia kiwandani akiwa mshonaji, akilipwa kwa idadi ya vipande anavyomaliza.

"Cherehani ikiharibika unakaa mikono kifuani, unamsubiri fundi amalize chai yake," anasimulia. "Nikasema, chai ya mtu isininyime mimi riziki. Nikaanza kuifungua mwenyewe. Mara ya kwanza skrubu moja ilibaki nje, na mpaka leo sijui ilikuwa ya wapi."

Skrubu hiyo haikumzuia. Leo ana miaka kumi na sita ya kutengeneza cherehani, na safu zote nne za kiwanda ziko mikononi mwake.

Mekanika ndiyo iliyomkalia kooni. Mara ya kwanza vipindi viligongana na zamu zake, akaacha kabla hajafika katikati. Mara ya pili alihudhuria vyote na bado akaanguka.

"Majibu mengi nilipata," anasema. "Lakini mhadhiri aliandika pembeni: njia iko wapi? Njia ilikuwa kichwani mwangu. Sasa mtu atasahihishaje kichwa?"

Anacheka, kisha anaacha. "Alikuwa na haki yule mhadhiri. Ghorofa likianguka, huwezi kuwaambia watu kwamba ulihisi litasimama."

Kwa kanuni za chuo, anayeshindwa au kuliacha somo hilo mara tatu anaondolewa kwenye shahada. Hakuna mara ya nne. Likizo ile ilikuwa ya tatu.

Darasa lake lilikuwa stoo ya vitambaa, kwa ruhusa ya msimamizi wa zamu, saa ya chakula cha mchana. Marobota yamepangwa hadi darini, na kelele zote za kiwanda zinaishia mlangoni. Aliiegemeza simu kwenye robota la jinzi, akatazama mihadhara, akairudisha nyuma, akaitazama tena. Safari hii alijilazimisha kuchora kila nguvu kwa mshale wake, hata ile ambayo alishajua iko upande gani kabla ya kushika kalamu.

Nyumbani kila mtu aliingia vitani. Mama mkwe wake, anayeishi nao, alitwaa jiko.

"Nilimwambia, mwanangu, wewe pika hesabu, chakula niachie mimi," anasema bibi huyo, akijipanga vizuri kwenye kiti baada ya kusikia kwamba maneno yake yatatoka gazetini. "Maana hesabu zake nilizionja. Hazishibishi."

Mume wake ni kinyozi, na saluni yake iko mbele ya nyumba. Wiki ya tatu karatasi ziliisha, Bisibisi akachovya kidole kwenye povu la kunyolea na kuchora mishale kwenye kioo.

"Mteja mmoja akaniuliza mtindo ule unaitwaje," anasema kinyozi. "Nikamwambia ule bado uko kwenye majaribio."

Walioanza somo walikuwa sitini na wawili. Siku ya mtihani, walioingia hawakufika arobaini.

Mtihani ulifanyikia nyumbani, mbele ya kamera. Masharti yalikuwa wazi: mtahiniwa awe peke yake chumbani, uso uonekane, mezani pasiwe na kitu ila karatasi tupu na kalamu. Mama mkwe aliweka kiti nje ya mlango na kuwarudisha wageni wote. "Yupo, lakini hayupo," aliwaambia. Bisibisi alitoka humo akiwa mwepesi. Maswali aliyaelewa, njia aliionyesha, mishale yote aliichora.

Siku mbili baadaye ukaja ujumbe. Matokeo yake yamezuiwa. Programu inayosimamia mitihani ilikuwa imeona mtahiniwa akiondoa macho kwenye kazi yake mara nyingi kupita kiasi, huku mkono wa kushoto ukiwa chini ya meza. Alishukiwa kuwa na kitu anachokigusa au kukisoma huko chini.

Alipewa njia mbili. Akubali sifuri, ambayo kwake ilikuwa na maana ya kuaga chuo, ila jina lake libaki safi. Au apinge, aitwe mbele ya mhadhiri na ofisa wa mitihani, ajibu swali jipya wakimtazama. Akishindwa hapo, ataondolewa kwa udanganyifu, na doa hilo litamfuata katika kila chuo atakachoomba.

"Nililia," anasema, bila kuzunguka. "Nilikaa kwenye kiti cha saluni nikalia mpaka mteja aliyekuwa akisubiri akaamua ndevu zake zinaweza kungoja."

Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuelewa. Mkono gani? Macho gani? Yeye alijua alikaa wima, akaandika, akamaliza. Kesho yake kiwandani alimsomea yule mama mnene ujumbe wote, akitegemea pole. Mama mnene akaangua kicheko.

"Wewe dada, hujijui? Kila ukiwaza, mkono unashuka na macho yanapanda! Sisi huwa tunakuigiza ukishatoka."

Akainuka palepale akamwigiza: goti, mkono chini ya meza, uso darini, mdomo wazi kidogo. Safu nzima ikavunjika mbavu. Bisibisi naye akacheka, machozi ya jana hayajakauka vizuri, kwa kuwa alijiona. Miaka yote hiyo amefikiri kwa vidole, mahali pasipoonekana. Swali lilipomtaka azungushe gurudumu, mkono ulishuka wenyewe kwenda kulitafuta.

Mume wake alimshauri apime. Jina safi si kitu kidogo, alimwambia. Sifuri itauma leo, kesho itapoa. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaandika kwamba anapinga.

"Kukubali sifuri ni kukubali kwamba niliiba," anasema. "Nishindwe hesabu, sawa, hesabu ni ngumu. Lakini wizi? Mimi?"

Kikao kilifanyika kwa video. Yeye alikuwa ndani ya stoo ya vitambaa, na mama mnene alisimama mlangoni, akilinda kwa kunong'ona, jambo ambalo wenzake wanasema hawajawahi kuliona. Ofisa wa mitihani alianza kwa kumtaka aweke mikono yote miwili juu ya meza na asiitoe. Mhadhiri akasoma swali: gurudumu linazunguka, fimbo ya chuma imefungwa pembeni mwake, na mwisho wa fimbo kuna kipande kinachopanda na kushuka. Gurudumu likifika pembe fulani, kipande kile kinakwenda kwa kasi gani, na kuelekea wapi?

Alichora gurudumu. Alichora fimbo. Halafu akakwama. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala mezani, na kichwani hakikuzunguka kitu. Dakika zikapita, ofisa akaangalia saa yake.

"Daktari, naomba kusema," alimwambia mhadhiri hatimaye. "Mkono huu ukilala, na kichwa changu kinalala. Sifichi kitu. Ni kazi yangu ilivyonizoesha. Naomba niruhusiwe kuunyanyua."

Ofisa akasema haiwezekani: mkono ukitoka mezani hauonekani, na kamera lazima ibaki usoni.

"Basi geuza kamera itazame mikono," akasema mhadhiri. "Uso wako tunaufahamu."

Kwa nusu saa iliyofuata, wakubwa hao wawili hawakuona kitu ila karatasi na mikono yenye mafuta ya mashine kwenye kucha. Wa kushoto ulizungusha hewa, ukasimama, ukarudi nyuma kidogo, ukazungusha tena. Wa kulia ukaandika. Mshale ukachorwa, na mwingine, na hesabu ikaanza kushuka mstari kwa mstari.

Mara moja tu mhadhiri alimkatiza. "Mshale huo wa mwisho, una uhakika nao?"

Mikono ikaganda. Wa kushoto ukarudia mzunguko polepole, kisha wa kulia ukaufuta mshale na kuuchora ukielekea chini.

"Hapana, Daktari. Nilikuwa nimelikimbilia jibu."

"Endelea."

Alipoulizwa kuhusu kikao hicho, mhadhiri hakuwa na maneno mengi. "Sikumwonea huruma. Swali lile lilikuwa gumu kuliko yote ya mtihani. Alikosea, akaona alipokosea, akaeleza kwa nini. Mhandisi ninayemtaka ndiye huyo." Programu nayo hailaumu. Iliona mkono umepotea, anasema, na kweli ulikuwa umepotea.

Matokeo yalitoka siku ya kazi. Bisibisi alikuwa chini ya cherehani, simu akampa mama mnene amsomee, na hilo lilikuwa kosa kama alitaka siri. "Amepita!" Sauti ilifika hadi kwenye chumba cha pasi. Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine. Wanawake wa safu nne walipiga vigelegele mpaka msimamizi wa zamu akatoka ofisini, akatazama, akakumbuka ghafla kwamba ana simu ya kupiga, akarudi ndani.

Alama yake ni sitini na nane, na hana mpango wa kuipamba. "Si alama ya kutundika ukutani," anasema. "Lakini ni yangu, na kila mtu aliona inavyotoka."

Mwaka wa pili umeshaanza. Jioni tatu kwa wiki anasoma usanifu wa mitambo, somo la kubuni mashine kuanzia karatasi tupu. Kiwandani wanamuuliza kama akihitimu atawakimbia. Anasema hana haraka ya kwenda popote. Anachotaka kwanza ni kubuni cherehani ambayo mshonaji ataweza kuifungua mwenyewe, bila kusubiri fundi.

Na ikitoka na kasoro?

Anachomoa bisibisi kwenye nywele na kupiga goti kwenye cherehani nyingine iliyogoma.

"Itatoka nazo, kwani nani hakosei? Miaka kumi na sita narekebisha makosa ya watu nisiowajua hata majina. Sasa na mimi nifanye yangu, mtu mwingine ayarekebishe."