Gego langu limefanyiwa mtihani wa mahindi

Jamani, leo mama mkwe amenigonga jino kwa kijiko!

Si ugomvi. Jana nilizibwa gego. Daktari akaniambia dawa aliyotia ina vinyuzi ndani, inashika kama nondo kwenye zege, nitafunie tu bila woga.

Mimi woga ninao. Ulimi hautulii, kila saa uko huko unapapasa.

Asubuhi mama mkwe kaja kutoka Mshangano na mahindi makavu ya kukaanga. Nikamwamkia, nikamweleza.

"Umezibwa? Jino bovu linang'olewa! Hebu fungua mdomo."

Akaligonga, ngo ngo, sikio kalitega, kama anachagua chungu sokoni.

"Sauti nzuri. Sasa tafuna hindi."

"Mama, likivunjika?"

"Likivunjika, twende likang'olewe leo leo."

Na mimi sitaki pengo jamani, bado kijana! Mtoto mgongoni, nikafumba macho, nikauma.

KWAA!

Moyo ukashuka hadi kwenye kandambili. Nikatema mkononi. Kumbe ni punje iliyopasuka. Ulimi ukaenda mbio kukagua: jino lipo, zima kabisa!

Nikadhani mama atacheka. Wapi! Kaangalia mlangoni kwanza, halafu akavuta shavu lake, akanionyesha gego lenye shimo jeusi.

"Hili linaninyima usingizi, mwanangu. Huyo daktari wako ni mkali?"

Kesho tunakwenda wote. Mnaojua niambieni, la mtu mzima kama yeye nalo linazibika? Sitaki mama wa watu arudi na pengo.