Mtihani Juu ya Kifusi

Mama mdogo anasoma sheria ya haki za binadamu kwa masafa, huku anapika wali maharage machimboni, upande wa Geita. Shule ikifungwa natoka kwetu Nyahanga naenda kukaa naye. Anaosha masufuria waya wa simu ukiwa sikioni, anasikiliza mhadhara, na mteja akiuliza kama nyama ipo anajibiwa kwa kichwa. Mimi wa kidato cha tatu nikiulizwa swali darasani sauti inakauka, kwa hiyo kumwangalia tu kwangu ni raha.

Likizo iliyopita alikuwa na mtihani wa kuongea na mhadhiri kwa video. Asipotokea hewani mchana ule, somo zima anarudia mwaka unaofuata. Asubuhi mtandao ukakata bonde zima. Ulibaki unashika juu ya kifusi tu, ule mlima wa mawe yanayotolewa shimoni, na kifusi kile kiko mdomoni mwa shimo. Mwanamke hapandi pale. Wachimbaji wanaamini akilikaribia shimo, dhahabu inakimbia. Hata chakula chao tunakiacha chini, wanakifuata.

Mama mdogo alivua aproni, akajifunga kitenge kipya, akaniambia twende. Nilimfuata nikiangalia visigino vyake.

Msimamizi wa shimo, mzee wa Kisukuma, alikuwa amekaa chini ya kifusi na vijana wake. Mama mdogo alipiga goti, akamwamkia, akaeleza shida yake. Mzee akasema anamhurumia, ila haiwezekani. Kijana mmoja akajitolea kupanda na simu akamfanyie huo mtihani. Mwenzake akamwambia wewe hata jina lako unaliandika kwa kubahatisha. Wakacheka. Mama mdogo naye akacheka, ila hakuondoka.

"Baba, siombi dhahabu yenu. Naomba mtandao."

"Na mawe yakitoka matupu, mayu?" Mzee alimwita mama kwa Kisukuma.

"Wiki iliyopita yalitoka matupu. Nani alikuwa amepanda?"

Mzee aliangalia juu ya kifusi, akawaangalia vijana wake. Halafu akasema apande, ila asichungulie shimo.

Tulipanda mawe yakiteleza chini ya ndala. Alijibu maswali vizuri, hata mimi nilielewa. Mwishoni mhadhiri akamtaka ataje mila moja ya mahali anapoishi inayomnyima mwanamke haki. Mzee na vijana wake walikuwa wametufuata juu kusikiliza. Kimoyomoyo nilimwomba Mungu mama mdogo ataje kitu cha mbali, mambo ya urithi wa mashamba labda. Mifano anayo mingi.

"Nimesimama juu yake sasa hivi," alisema.

Akaeleza yote bila kuwadharau. Alisema shimoni watu wanafukiwa, na mwenye hofu hushika chochote. Lakini hofu ya wanaume hawa wanaibeba wanawake, maana kazi ya pale juu hawaipati. Mhadhiri akauliza wenyewe wanasemaje. Mama mdogo akamgeuzia mzee simu. Mzee akavua kofia.

"Tulikuta hivyo, mwalimu. Hatujawahi kuulizwa."

Jioni mzee alikuja kula, akauliza kama amefaulu. Alipoambiwa majibu bado, akasema, "Ukifeli, usiseme ni sisi."

Alifaulu, tena vizuri. Mzee akampa ruhusa ya kupanda siku yoyote, yeye peke yake. Mimi ningeshukuru nikanyamaza. Yeye alisema akipanda tena atapanda na wanawake wanaoponda mawe kule chini, nao wana simu na ndugu wa kuongea nao. Mzee akalalamika kwamba amempa mkono anataka bega, lakini akaenda kuongea na wenzake, wakakubali.

Mtandao ulipokata tena, wanawake wawili tu ndio waliothubutu. Wengine walisema bado wanaogopa, na mama mdogo hakuwasuta. Mmoja wa wale wawili alimpigia mama yake kule Songwa, na kitu cha kwanza alichomwambia ni mahali aliposimama.